Fedha ya Bibi Maryam: Denari ya Hungaria na suala la khutba na sikka

Mpwa wangu anayefanya kazi Vienna alikuja Maskati kututembelea, na ndani ya mfuko wa shati lake alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliponikunjulia nikaona sarafu nyembamba kama ganda la kitunguu, upana wake kiasi cha ukucha wa kidole gumba. "Mjomba," akaniambia, "nimeinunua sokoni kwa mzee mmoja, kwa bei ya chakula cha mchana. Wewe uliyesoma taarikh maisha yako yote, niambie hii ni ya nani." Nikamwomba anipe miwani.

Upande mmoja pana ngao iliyogawanywa robo nne. Robo ya kwanza ina mistari ya kulala, ya pili msalaba wa mikono miwili, ya tatu vichwa vya chui vya nchi ya Dalmatia, na ya nne simba wa Bohemia. Kuizunguka ngao yamepigwa maneno ya Kilatini yaliyofupishwa, FERDINAND D G R VNG, yaani Ferdinand, kwa neema ya Mungu Mfalme wa Hungaria. Upande wa pili amekaa mwanamke amempakata mtoto. Kushotoni kwake pana herufi K, kuliani B, na maneno yanayomzunguka ni PATRONA VNGARIE, Mlinzi wa Hungaria. Mwanamke huyo ni Bibi Maryam, na mtoto ni Nabii Isa, alayhi ssalaam. Mwaka uliopigwa juu ya fedha ni 1541.

Basi jibu la swali la kijana lilikuwa limeandikwa pale pale: ni ya Ferdinand wa Austria, mfalme wa Hungaria. Nilimjibu hivyo, akaridhika, akaenda kunywa chai na binamu zake. Mimi ndiye sikuridhika. Kwani 1541 ndio mwaka ambao Sultan Suleiman al-Qanuni aliutwaa mji wa Buda, makao makuu ya wafalme wa Hungaria, na khutba ya Ijumaa ikasomwa humo kwa jina lake. Sisi tuliolelewa na vitabu vya Kiarabu tunajua kwamba alama kubwa za utawala ni mbili: khutba na sikka. Mtawala ni yule anayetajwa juu ya mimbari na anayetajwa juu ya fedha. Ibn Khaldun katika Muqaddima yake ameiweka sikka miongoni mwa alama za ufalme. Sasa itakuwaje katika nchi ambayo mimbari inamtaja mmoja na fedha iliyo mkononi mwa watu inamtaja mwingine?

Kabla ya kufika huko, kwanza niieleze fedha yenyewe, maana ina nasaba ndefu.

Jina lake ni denari. Msomaji atalisikia neno hilo na kukumbuka dinari, na hatakosea, kwa kuwa yote mawili yametoka katika denarius ya Warumi. Ila kwetu dinari ilikuwa ya dhahabu, na kwao denari ilibaki kuwa ya fedha, tena ndogo. Wahungaria wenyewe kwa lugha yao waliiita pénz, na hata leo neno hilo kwao ni pesa za aina yoyote. Kwa hesabu ya sheria, denari mia moja zilikuwa sawa na florini moja ya dhahabu.

Denari ya sura hii, yenye Maryam na mtoto, iliasisiwa na Mfalme Mátyás, anayejulikana Ulaya kwa jina la Matthias Corvinus, aliyetawala tangu 1458 hadi 1490. Wafalme waliomtangulia walikuwa na tabia ya kuichezea fedha. Sarafu za zamani zikifutwa, watu wakilazimishwa kuzibadilisha kwa mpya zenye fedha pungufu, na tofauti ikaingia hazina. Mátyás aliikomesha desturi hiyo katika miaka ya mwisho ya 1460. Akaweka denari yenye nusu fedha na nusu shaba, uzito wake gramu nusu na kidogo, akaishikilia hapo. Na picha ya Maryam haikuwa pambo tu. Wahungaria wana masimulizi kwamba mfalme wao wa kwanza Mkristo, István, alipokaribia kufa mwaka 1038 bila mrithi, aliikabidhi taji na nchi yake kwa Bibi Maryam. Kwa hiyo mfalme anayempiga Maryam juu ya fedha anasema kuwa nchi ina mwenyewe aliye juu ya mfalme. Wafalme huja na kwenda, Bibi yupo.

Herufi K na B ni za mji wa Körmöcbánya. Bánya kwa Kihungaria ni machimbo. Wajerumani wanauita Kremnitz, na Waslovakia, ambao ndio wenye mji huo leo, wanauita Kremnica. Ulipewa hadhi ya mji na Mfalme Károly Róbert mwaka 1328, na tangu wakati wake humo mlikuwa na karakhana ya kupiga sarafu. Mji huo ni mmoja wa miji saba ya machimbo iliyokuwa katika milima ya kaskazini. Selmecbánya ulikuwa na fedha, Besztercebánya ulikuwa na shaba, na Körmöcbánya wenyewe ulisifika kwa dhahabu. Katika karakhana fedha na shaba ziliyeyushwa pamoja, zikamiminwa vipande, zikafuliwa kwa nyundo mpaka zikawa bapa, zikakatwa, zikasafishwa kwa chumvi na tindikali ili uso ung'ae, kama masonara wetu walivyokuwa wakisafisha bangili kwa ukwaju. Kisha kila kipande kiliwekwa baina ya mihuri miwili ya chuma na kupigwa nyundo. Kwa sababu nusu yake ni shaba, denari iliyopita mikono mingi huanza kuwa na wekundu. Hii ya mpwa wangu ina wekundu katika goti la Bibi Maryam na katika pua ya simba, mahali palipoinuka zaidi.

Watu waliizoea fedha hii na kuiamini kwa miaka hamsini. Halafu mwaka 1521 ikaharibiwa.

Mfalme wakati huo alikuwa Lajos wa Pili, kijana wa miaka kumi na mitano. Hazina yake ilikuwa tupu, na Suleiman, aliyekuwa mpya katika kiti cha Istanbul, aliiteka Belgrade mwaka huo huo. Washauri wakamwelekeza mfalme kwenye njia ya mkato ambayo Mátyás alikuwa ameifunga. Zikapigwa denari mpya zenye sura ile ile, ngao na Maryam vikiwa mahali pake, lakini fedha iliyomo ni nusu ya ile ya zamani. Kwa maandishi zilikuwa na thamani ile ile. Sokoni hazikuwa nayo. Mwenye denari ya zamani aliificha, na mwenye bidhaa alipandisha bei au alikataa kuuza.

Walioumia zaidi ni wale waliokuwa wakiichimba fedha yenyewe. Wachimbaji wa Besztercebánya, waliofanya kazi katika migodi ya shaba chini ya kampuni ya matajiri wa Augsburg, ukoo wa Fugger, na washirika wao wa ukoo wa Thurzó, walilipwa ujira wao kwa fedha mpya. Walikuwa wakinunua mkate kwa bei mpya na kulipwa kwa hesabu ya zamani. Mwaka 1525 wakaasi, na machafuko yakaendelea mpaka mwaka uliofuata. Huko Buda umma ulivamia nyumba ya naibu mtunza hazina, Imre Szerencsés, Myahudi aliyebatizwa, wakaipora. Mabwana waliokutana katika uwanja wa Rákos walidai akina Fugger wafukuzwe. Fedha mbaya ikaondolewa na kipimo cha zamani kikarudishwa, lakini mambo yalikuwa yamekwishaharibika. Katika kiangazi cha 1526, Suleiman alipokuwa njiani na jeshi lake, serikali ilikuwa ikichukua vyombo vya fedha vya makanisa ili viyeyushwe na kupigwa denari za kulipa askari.

Tarehe 29 Agosti 1526, katika uwanda wa Mohács, jeshi la Hungaria lilivunjwa kwa muda wa saa chache. Lajos alikimbia, farasi wake akaanguka katika kijito cha Csele kilichofurika, na mfalme akafa maji akiwa na miaka ishirini. Hakuacha mtoto.

Yaliyofuata baada ya msiba huo yanapaswa kusomwa taratibu. Nchi moja ilipata wafalme wawili. Sehemu kubwa ya mabwana walimchagua mmoja wao, János Szapolyai, akatawazwa Székesfehérvár mwezi Novemba 1526. Wengine walikutana Pozsony mwezi Disemba wakamchagua Ferdinand wa Austria, mdogo wake Kaisari Charles wa Tano, kwa kuwa mkewe Anna alikuwa dada wa marehemu Lajos. Naye akatawazwa mwaka uliofuata, mwezi Novemba 1527, katika mji ule ule wa Székesfehérvár, kwa taji lile lile, na aliyemvika alikuwa askofu yule yule, Podmaniczky wa Nyitra, aliyemvika mwenzake mwaka mmoja kabla. Kila mmoja alipiga denari. Ya Szapolyai ina jina IOHANNES, na katikati ya ngao yake yumo mbwamwitu wa ukoo wake. Ya Ferdinand ina jina la Ferdinand. Ukizigeuza zote mbili, upande wa pili ni Bibi Maryam huyo huyo na mtoto wake, na maneno PATRONA VNGARIE. Wafalme wawili walipigana kwa miaka kumi na zaidi, na kila mmoja alilipa askari wake kwa picha ya mlinzi mmoja.

Mkulima aliyeuza kondoo wake sokoni alifanya nini? Alitazama kama fedha ni nzuri. Hapo wafalme wote wawili walikuwa wamepata funzo la 1521. Ferdinand, mwenye Körmöcbánya mikononi mwake, alikishikilia kipimo cha Mátyás, nusu fedha nusu shaba. Msomaji akitaka kujua kwa nini Ferdinand, mgeni aliyepoteza nusu ya ufalme wake, hakupoteza soko, naamini sababu kubwa ni hiyo.

Szapolyai alikufa mwaka 1540, siku chache tu baada ya kupata mtoto wa kiume. Jeshi la Ferdinand likaja kuizingira Buda. Suleiman akatoka Istanbul, kwa kauli yake ili kumlinda mtoto yule yatima. Wanajeshi wa Austria wakavunjwa. Mtoto, mwenye umri wa mwaka mmoja, akaletwa kambini kusalimiwa na Sultan, na mabwana wa Buda wakifuatana naye. Wakati wao wanakirimiwa, maaskari wa Janissari waliingia mjini kwa vikundi vidogo, kana kwamba wanatembea kuangalia majumba, mpaka wakawa wamejaa, wakayashika malango. Mji ukatwaliwa bila ya kupigwa mzinga. Ilikuwa tarehe 29 Agosti 1541, miaka kumi na mitano kamili tangu Mohács. Mjane wa Szapolyai, Malkia Isabella, alipelekwa mashariki katika nchi ya Erdély pamoja na mwanawe. Siku ya Ijumaa, tarehe 2 Septemba, Suleiman alisali katika kanisa kubwa la Buda lililogeuzwa msikiti. Kanisa hilo lilikuwa la Bibi Maryam.

Mwaka huo huo, katika milima iliyo kaskazini, fundi wa Körmöcbánya alikuwa akipiga nyundo juu ya kipande hiki ninachokishika.

Tangu hapo Hungaria ikawa mapande matatu. Magharibi na kaskazini alibaki Ferdinand na warithi wake, serikali yao ikikaa Pozsony, mji ambao leo ni Bratislava. Katikati ulikuwa wilaya ya Buda chini ya pasha wa Kituruki. Mashariki ilikuwa Erdély, iliyotawaliwa na wana wa nchi chini ya himaya ya Sultan. Hali hiyo ilidumu kwa karibu miaka mia moja na hamsini, hadi Buda ilipotwaliwa tena mwaka 1686.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Tungetarajia kwamba katika wilaya ya Buda, mahali ambapo khutba ilikuwa ya Sultan, fedha ya sokoni ingekuwa akche ya Sultan. Akche zilikuwepo. Mishahara ya ngome ilihesabiwa kwa akche, na hazina ya Istanbul ililazimika kuleta mali kila mara, maana kodi za wilaya hazikutosha kuwalisha askari wote wale. Lakini vyungu vya fedha vilivyofukuliwa ardhini katika nchi hiyo, ambavyo wenyewe walivizika kwa hofu wasirudi kuvichukua, vimejaa denari za Körmöcbánya kuliko akche.

Na wala haikuwa fedha ya magendo. Makarani wa Sultan wenyewe waliiandika. Hapa nataka nimtaje mwanachuoni mmoja ambaye wasomaji wetu wenye kusoma hati za Kiarabu wanapaswa kumjua, Lajos Fekete wa Budapest. Daftari za fedha za Waturuki zimeandikwa kwa khati ya siyaqat, khati ya makarani wa hazina, isiyo na nukta, herufi zikiwa zimekokotwa hata mtu aliyehifadhi Qur'ani nzima huitazama asijue pa kuanzia. Fekete aliifanya kuwa kazi ya umri wake. Kitabu chake kuhusu khati hiyo kilitoka mwaka 1955, na mwaka 1962 yeye na Gyula Káldy-Nagy walichapisha daftari za hesabu za ofisi za fedha za Buda za miaka ya 1550 hadi 1580. Niliwahi kukaa na kitabu hicho kwa majuma katika maktaba moja ya Uingereza, nilipokuwa bado na macho. Ndani ya hesabu hizo, katikati ya istilahi za Kiarabu na Kiajemi tunazozijua, limo neno penz. Karani Mwislamu, katika ofisi ya Sultan, kwa khati ya Sultan, anahesabu kwa fedha yenye jina la adui wa Sultan na sura ya Bibi Maryam.

Sababu zake si za siri. Nchi ile ilikuwa ya ng'ombe. Makundi makubwa ya ng'ombe wenye pembe ndefu yaliswagwa kutoka uwanda wa katikati, uliokuwa chini ya Waturuki, kwenda Vienna na hadi Nuremberg. Wenye kuwauza walirudi na fedha za upande ule. Forodha ya pasha ilitoza ushuru wake na ikapokea kilichopo. Lau ingekataa denari, ingekosa ushuru.

Tena kulikuwa na jambo la kodi mbili. Wakulima wa vijiji vingi vilivyokuwa chini ya Waturuki waliendelea kulipa haki za mabwana zao wa zamani waliokimbilia upande wa Ferdinand, ambao hawakukubali kamwe kwamba wamepoteza ardhi zao. Mkulima alilipa kwa sipahi, kisha akalipa kwa bwana. Mji wa Debrecen, uliokuwa pale mapande matatu yanapokutana, ulilipa kwa wote watatu: Sultan, mfalme na mtawala wa Erdély. Fedha inayokubalika pande zote ndiyo iliyomfaa mtu wa namna hiyo.

Na denari iliendelea kuaminiwa wakati mwenziwe ameanguka. Katika miaka ya 1585 na 1586 serikali ya Istanbul ilifanya kile alichofanya Lajos mwaka 1521: ilipunguza fedha ndani ya akche kwa karibu nusu. Mwaka 1589 Janissari waliolipwa kwa akche hizo mbovu walilizingira kasri la Sultan wakitaka kichwa cha beylerbey wa Rumeli na cha mtunza hazina, wakapewa. Wachimbaji wa Besztercebánya na Janissari wa Istanbul walikuwa maadui wa dini na wa dola, na kama wangekutana wangechinjana. Malalamiko yao lakini yalikuwa mamoja.

Nimeyaandika haya kwa kirefu kwa sababu ya ubishi wa nyumbani kwetu. Katika mabaraza yetu, Maskati na London, nimesikia mara nyingi hoja ikitolewa, na mara nyingine inatolewa na watu wenye elimu: kwamba dola ya Mabusaidi Zanzibar haikuwa dola kamili, kwa kuwa fedha ya soko lake haikuwa na jina la Sayyid. Wanaosema hivi huitoa reale ya Maria Theresa kama ushahidi. Na ni kweli kwamba enzi za Sayyid Said, wakati khutba na bendera ni zake, biashara ya karafuu na pembe ilihesabiwa kwa reale, na reale hiyo ilikuwa na kichwa cha malkia wa Austria. Wazee wetu waliiita reale ya Sham, ingawa haikutoka Sham, ili kuitenga na reale ya mzinga ya Kihispania, ambayo nguzo zake mbili walizidhania mizinga. Hapa Oman iliitwa qirshi ya Kifaransa, na Ufaransa haikuhusika. Iliendelea kutumika huku pamoja na rupia hadi 1970.

Reale hiyo ni mjukuu wa denari yangu. Bibi yangu mzaa mama, Mola amrehemu, alikuwa na mbili ndani ya kasha, na moja ninayo mimi. Isome ukingoni, kuzunguka kichwa cha malkia: M. THERESIA D. G. R. IMP. HU. BO. REG. Herufi HU ni Hungaria, na BO ni Bohemia. Maria Theresa, mjukuu wa vizazi vingi wa Ferdinand, alitawazwa Pozsony tarehe 25 Juni 1741, miaka mia mbili kamili baada ya denari hii kupigwa. Kwa Wahungaria wake alipiga reale nyingine, zenye Bibi Maryam na mtoto na herufi K na B, kwani wasingeridhika bila yeye. Iliyovuka bahari kuja kwetu ni ile yenye tai, ya mwaka 1780, mwaka aliokufa, ambayo iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo kwa sababu Waarabu walikataa tarehe nyingine. Gramu ishirini na nane, fedha safi ndani yake gramu ishirini na tatu na ziada, tangu karne ya 18 bila kupungua. Mfanyabiashara wa Matrah aliijua kwa kuhesabu lulu za bruchi yake, na jina la malkia halikumshughulisha.

Kwa hiyo wale wanaotoa hoja ya reale nawaomba waitazame Buda. Hakuna mwanahistoria anayesema kwamba Suleiman al-Qanuni hakuitawala Buda kwa kuwa ng'ombe waliuzwa kwa denari ya Ferdinand. Na hakuna asemaye kwamba Ferdinand aliitawala kwa kuwa fedha ni yake. Sayyid Barghash naye alipiga reale yenye jina lake mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, fedha nzuri, ikapigwa Brussels. Haikuweza kuiondoa rupia sokoni. Ni pesa zake za shaba, zenye picha ya mizani, ndizo watu walizozizoea. Kama sikka peke yake ndiyo kipimo, itabidi tuseme utawala wa Zanzibar ulikuwa wa Barghash katika shaba na wa Uingereza katika fedha, na huo ni upuuzi.

Hata hivyo sitaki kuudharau upande wa pili, maana nao una haki yake. Khutba na sikka zilipotengana Hungaria, haikuwa bure. Kwa miaka mia na hamsini mtu wa Kecskemét au Debrecen, aliyezaliwa chini ya pasha na baba yake amezaliwa chini ya pasha, kila alipolipa deni alishika mkononi kipande kilichoandikwa jina la nchi ambayo juu ya ardhi haikuwepo tena kama ilivyokuwa. Hakuhitaji kujua kusoma. Alimjua Bibi. Nimeishi vya kutosha mbali na nilikozaliwa kuelewa maana ya kushika kitu kidogo cha namna hiyo.

Yaliyobaki ya denari ni mafupi. Katika karne ya 17 ilizidi kuwa ndogo, ikafunikwa na fedha za Kijerumani. Wakati wa vita vya Ferenc Rákóczi dhidi ya Vienna, tangu 1703 hadi 1711, karakhana ya Körmöcbánya ilipiga sarafu za shaba zenye maneno PRO LIBERTATE, kwa ajili ya uhuru, na wakulima waliopigania uhuru huo ndio waliokuwa wa kwanza kuzikataa sokoni. Mwaka 1920, kwa mkataba wa Trianon, Hungaria ilipoteza takriban theluthi mbili za ardhi yake, na Körmöcbánya ikawa ya Czechoslovakia. Mwaka 1929 serikali ya Budapest ikatoa sarafu ya fedha ya pengő mbili, na juu yake amekaa Bibi Maryam na mtoto, PATRONA HUNGARIAE. Herufi K na B hazikuwepo tena. Badala yake ni BP, Budapest. Karakhana ya Kremnica nayo haikufungwa. Leo inapiga yuro za Slovakia.

Mpwa wangu aliporudi kutoka kwenye chai aliniuliza kama denari ingeweza kununua kitu chochote siku ile ilipopigwa, nikamwambia kidogo sana. Akasema basi nibaki nayo. Nimeiweka ndani ya kasha la bibi, juu ya reale yake. Reale inaifunika mara mbili na ziada ya upana wake, na ikiwa kasha limetikiswa, denari huteleza ikaingia chini, ikabidi niitafute kwa ncha ya kidole.